Magofu Mapya ya Heru Juu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Kasulu nzima imelala, mimi nimeamka na ujumbe wa kubadilisha maisha! Bi Verediana, kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam, ameandika kwamba wanakuja wiki ijayo kutafuta njia ya safari yao ya kila mwaka. Wanapenda vilima. Wanapenda magofu. Njia watakayoichagua wataijia kila kiangazi, kundi zima, na wote watahitaji kitanda na chai ya asubuhi.

Vitanda ninavyo. Nyumba yangu ya wageni ni nzuri, ukiacha kile chumba cha popo. Vilima tunavyo mpaka vya kugawa. Na magofu yapo! Kule juu Heru Juu kuna ngome ya mawe ya zamani, niliiona utotoni. Kubwa sana.

Nimemweleza mke wangu Zaitun. Alikuwa dukani kwake anakunja vitenge, na hakuacha kukunja. Akauliza kama hili ni kama lile bwawa la samaki. Nikasema hapana. Akauliza kama ni kama wale nyuki wa juu ya paa. Nikasema nyuki walihama kwa hiari yao. Akatoa hukumu: huu ndio mpango wa mwisho. Mpango ukifa, nyumba ya wageni anaichukua yeye, na mimi naingia dukani kupima vitenge mbele ya wake wa rafiki zangu. Nimekubali kwa sauti nzito.

Jumanne, 8 Julai

Nimepanda Heru Juu kwa baiskeli ya marehemu baba kukagua njia. Njia tamu! Migomba, mihogo, ukungu bondeni, na mlima mmoja mrefu ambao nimeupanda kwa miguu nikisukuma baiskeli, ili niukague vizuri zaidi.

Kosa dogo. Kwenye mteremko nimewapita wazee waliosimama kando wakingoja salamu. Kwa Waha salamu si kitu cha kurusha ukipita. Unashuka, unainama, unapiga makofi ya taratibu, unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, mpaka za kuku. Mimi nimepiga kengele. Si dharau, ni breki. Nilipofika chini na kusimamishwa na kichaka, nimegeuza, nimepanda tena, nimeinama, nimepiga makofi, nimewasalimu kwa Kiha, "Mwakeye", na kuomba radhi. Mmoja wao ni Mzee Ndayisaba, mwenyekiti wa kijiji. Amesema amesamehe. Alidhani ni ng'ombe aliyekata kamba.

Sasa ngome. Ngome ni mawe. Mawe machache. Yananifika magotini, na mimi si mrefu. Nimemuuliza Mzee Ndayisaba mengine yako wapi. Amenionyesha moshi wa majikoni, nyumba hii na ile: mafiga. Mkewe anapikia matatu mazuri sana. Nimerudi mjini nimenywea.

Alhamisi, 10 Julai

Makarius! Kumbe na yeye kaandikiwa! Huyu ndiye jirani wangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye nyumba ya wageni iliyopakwa rangi ile ile niliyopaka mimi, wiki moja baada yangu. Njia yake inaanzia Kibondo, inafuata lami, inaishia mlangoni kwake. Ametundika bango la kuwakaribisha wapanda baiskeli. Nimemuuliza kwa upole magofu yake yako wapi. Amesema mtu aliye kwenye lami hahitaji magofu. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya baiskeli, amekaa kwenye kiti, anakunywa chai.

Usingizi wa mchana haukuja. Nimekula ugali wa muhogo kwa samaki wa migebuka nikiwaza, na katikati ya tonge wazo likaingia. Kama magofu hayatoshi, si yaongezwe? Ukuta mmoja tu, kimo cha mtu, uliobomoka kwa ustadi. Nani atajua? Kilima ni cha kijiji, na mimi kijiji nakipenda.

Nimecheka peke yangu. Zaitun ameniangalia kwa muda mrefu.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa nimemvuta pembeni Saady, fundi mwashi. Nimemweleza kazi: ukuta mbovu, uliochoka, unaoelekea kuanguka. Saady amekasirika. Amesema tangu ashike mwiko hajawahi kujenga ukuta unaoelekea kuanguka, na hataanza leo kwa sababu yangu. Nimembembeleza. Tumekubaliana ajenge mzuri, ubovu nitauongeza mwenyewe.

Nimemkanya asimwambie mtu yeyote. Akiulizwa, aseme tu ni siri ya Lukmani. Amesema kutaja jina langu si kazi ngumu.

Jumapili, 13 Julai

Msiba. Ukuta umenyooka kama mstari wa daftari! Saady anaupima kwa timazi kila tofali. Na si ukuta mmoja, ni wa pande nne. Eti ukuta mmoja kilimani utaangushwa na upepo, na jina lake litaanguka nao. Ameacha nafasi ya mlango na madirisha. Nimeuliza kwa nini. Amesema hata watu wa kale walikuwa wanatoka nje.

Alipokwenda kunywa maji nimeupiga teke ili ubomoke kidogo. Kidole gumba cha mguu kimevimba. Ukuta mzima.

Jumanne, 15 Julai

Siku ya kuzeesha. Nimechanganya mtindi na majivu, nimepaka matofali yote yawe na ukungu wa karne nyingi. Kazi safi! Kwa mbali ungesema umejengwa kabla ya babu wa babu yangu. Nimeketi kupumzika kwenye kivuli. Nilipoinua macho, mbwa wa kijiji walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wanaramba historia. Wamemaliza upande wa mashariki wote.

Jambo la ajabu: watu wa Heru Juu wamekuwa wema mno. Akina mama wananipigia magoti. Nimeletewa ndizi mbivu na maharage. Mzee Ndayisaba amepita, hakuuliza lolote. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ameelewa ninachofanya, na kwa kuwa sitaki kitangazwe, hatatangaza. Mwenyekiti mwerevu! Kumbe na yeye anajua faida ya magofu. Nimemkonyeza. Naye akajaribu kunikonyeza, kwa macho yote mawili.

Sasa nauacha ukuta upigwe jua na vumbi mpaka wageni waje. Magofu hayapendi kusumbuliwa.

Ijumaa, 18 Julai

Tangu Jumatano nafukuza popo. Popo wameshinda.

Wageni wamefika jioni, wamekuja kwa njia ya Makarius kutoka Kibondo. Leo wanalala kwake, ndivyo alivyopanga, mjanja yule. Bi Verediana ni mama wa makamo, mchangamfu, miguu imara. Nimemuuliza njia ilikuwaje. Amesema ilikuwa lami. Basi, lami tu. Moyo wangu umeruka kwa furaha!

Zaitun ameweka futi ya kupimia vitambaa juu ya mto wangu.

Jumamosi, 19 Julai

Niende kwa utaratibu.

Asubuhi tumeondoka, mimi mbele, Makarius nyuma na kofia yake, eti anasindikiza. Wageni wamevaa kaptula za kubana kweli kweli. Bibi mmoja njiani ameangalia mbinguni mpaka wakapita wote. Nilipanga tusisimame mpaka juu, lakini kwenye kona ya kwanza kulikuwa na wazee. Wageni wakashuka. Bi Verediana akauliza watu wanafanya nini, akafundishwa kuinama na kupiga makofi, akapenda. Basi ikawa kila mzee wanashuka! Kila bibi! Wameulizwa habari za Dar, za watoto, za kuku wasiokuwa nao. Ratiba yangu imekufa kabla ya saa nne. Wao wanacheka tu.

Kona ya mwisho. Nikageuka kuwatangazia kwamba sasa wataona maajabu ya kale. Nilipogeuka tena mbele, jua likanipiga machoni. Si jua. Ni bati.

Bati! Magofu yangu yameezekwa! Yamepigwa lipu, yamepakwa rangi ya bluu chini na nyeupe juu. Yana mlango. Yana madirisha. Mbele yake turubai, viti vya plastiki, ngoma, vigelegele. Kijiji kizima kimevaa nguo za sikukuu. Nikashikwa mkono, nikaketishwa kiti cha mbele chenye kitambaa. Mgeni rasmi ni mimi.

Mzee Ndayisaba akasoma risala. Amesema waliona ndugu Lukmani anajengea kijiji nyumba kimyakimya, hata fundi akiulizwa anasema ni siri ya Lukmani. Watu wakaguswa. Amesema Heru Juu wanajua ukuta uliosimama bila paa maana yake nini: ndivyo walivyojenga madarasa, mmoja huanzisha kuta na wengine humalizia. Wakaona ni aibu kumwachia mtu wa mjini abebe peke yake. Kina mama wamebeba maji na mchanga kutoka bondeni. Vijana wameleta mbao. Mabati ni yale yaliyobaki shuleni. Saady amepiga lipu bure, na nimemwona amesimama pale mlangoni, anang'aa kuliko paa. Kisha mzee akaomba radhi mbele ya watu wote kwa kunifananisha na ng'ombe.

Makarius amecheka mpaka kofia ikamwangukia puani.

Nikasimama kujibu. Nilitaka kusema ukweli, wallahi nilitaka. Nikaona zile nyuso. Mama mmoja alikuwa bado na lipu kwenye nywele. Machozi yakanijaa, nikasema asanteni, nikaketi. Wakasema unyenyekevu huo.

Bi Verediana akaninong'oneza: magofu yako wapi? Mzee Ndayisaba akamwonyesha yale mawe ya magotini. Nikafumba macho. Nilipofumbua, wageni walikuwa wamekaa juu ya majani kuyazunguka yale mawe, na mzee anawasimulia aliyoambiwa na babu yake: mlango ulikuwa wapi, ng'ombe walilala wapi, ngoma ilipigwa wapi. Mkewe akaitwa, akaleta figa lake moja likiwa bado jeusi kwa masizi, wakalirudisha kwenye nafasi yake kuona linavyokaa. Likakaa barabara! Wakapiga makofi. Wakapiga picha mpaka chai ikapoa. Niliwaonea huruma, wamesafiri kutoka Dar kuja kupiga picha figa.

Mwisho Bi Verediana akasimama kutoa uamuzi. Wameichagua njia ya Heru Juu! Kila mwaka! Nimeruka, nimemkumbatia mtu wa karibu, akawa Makarius.

Lakini Bi Verediana alikuwa hajamaliza. Akasema baada ya kupanda mlima ule hakuna atakayetaka kushuka mjini kulala. Akauliza nyumba hii nzuri ni ya kazi gani. Kijiji kikaangaliana. Kumbe hakuna aliyekuwa na jibu, walikuwa wakingoja niseme mimi! Mzee Ndayisaba akanitazama, nikamtazama, kisha yeye akajibu: nyumba ya kulala wageni. Shangwe. Wakaandika jina langu juu ya mlango pale pale, kwa rangi iliyobaki.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia Zaitun nimeshinda. Nimemwomba ahesabu: njia yangu imechaguliwa, Makarius kapigwa chini. Akauliza wageni watalala wapi. Nikakohoa.

Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta macho, akasema katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kufikiri ataliona jina la mume wake, yaani jina langu mimi, juu ya mlango wa kitu kinachofaa. Amesema amefurahi kweli. Nami nimefurahi, nakiri. Nikadhani yamekwisha.

Akaninyooshea mkono. Funguo za nyumba ya wageni. Nikampa.

Jumatatu, 21 Julai

Dukani tangu asubuhi. Futi shingoni. Mteja wa kwanza: mke wa Makarius. Amechukua muda wake.

Mteja wa pili: kina mama wa Heru Juu. Wamekuja kununua kitambaa cha mapazia ya nyumba ya wageni, ile yenye jina langu, iliyoniua. Nimepima mwenyewe, dirisha kwa dirisha. Vipimo ninavijua kwa kichwa. Wamenipigia magoti, wakaniongezea mkungu wa ndizi. Kwa upande wa chumba cha popo, Zaitun ameingia jana mara moja na popo wameondoka. Sijui amewaambia nini.

Nimepata muda wa kutafakari nilikosea wapi. Mtu mzima lazima ajifunze. Na nimejifunza! Kosa lilikuwa ukuta. Ukuta mtu yeyote akiuona anataka kuuezeka. Wakati wa kuaga, Bi Verediana alisema njia imekamilika, ila kungekuwa na maporomoko ya maji wangefurahi zaidi. Nikakumbuka upande wa Nyakitonto, barabarani kabisa, kuna mwamba mrefu mzuri ambao kiangazi hauna hata tone. Pale panahitaji bomba refu kutoka mtoni, pampu, na tangi dogo la kuficha juu ya mwamba. Basi! Maji hayaezekwi bati.

Nimemwita Saady kwa mlango wa nyuma. Ataanza kesho kutandaza bomba kupitia katikati ya kijiji cha pale, wanapopita kina mama na ndoo za maji ya mtoni. Nimemkanya asimwambie mtu yeyote. Akiulizwa, aseme tu ni siri ya Lukmani.