Knut wa Marzipani na Kalibu Isiyofunguka

Jumatatu, 4 Machi
Bi Andresen anaiacha bustani yake! Ile ya kando ya mfereji, yenye mti wa cheri na kibanda kisichovuja. Magoti yamemshinda. Atatangaza mrithi Jumamosi, akitimiza miaka themanini. Mke wangu Gesche anaitamani tangu tuhamie mji huu wa Lübeck. Jirani yetu Ortwin naye anaitamani, na ameshaanza kumbebea bibi wa watu viazi. Mnafiki!

Mimi natumia akili. Bi Andresen hampendi kiumbe yeyote kama Knut, mbwa wake mfupi mwenye manyoya magumu kama brashi. Nitampa Knut wa marzipani, ile peremende laini ya lozi na sukari. Si wa kufinyanga kwa mkono, hapana. Nitampiga picha pande zote, kompyuta iunde umbo lake, nitengeneze kalibu ya kushindilia marzipani, kisha niichapishe kwa printa ya 3D ya maktaba.

Jumanne, 5 Machi
Knut hatulii! Soseji nzima imeisha. Kwenye kompyuta ametoka na miguu mitano.

Umbo lenyewe ni wavu wa pembetatu ndogondogo, na kila unywele umejipatia zake. Mamilioni! Nikaiambia programu ichukue bonge, ichimbe ndani yake shimo la umbo la mbwa. Ikafikiri. Nikanywa supu. Ikafikiri. Mwishowe ikaandika kwamba wavu una matundu, kwa hiyo haijui ndani ya mbwa ni wapi na nje ni wapi. Kisha ikaganda.

Gesche akanishauri nipunguze pembetatu na kulainisha manyoya. Nikamwambia Knut bila manyoya ni soseji. Akajibu kwamba soseji ingekuwa imeshakamilika.

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbili naziba matundu. Nikiziba la puani, linafumuka la kwapani. Nimekata mguu wa tano, mkia ukaenda nao. Basi! Programu imekubali. Kalibu ya vipande viwili, imechapishwa.

Ortwin alinikuta maktabani akauliza kama nimeanza kutengeneza mabeseni ya kuogea panya. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Akacheka mpaka mkutubi akamnyamazisha.

Ijumaa, 8 Machi
Kalibu haifunguki! Marzipani imenasa kwenye kila unywele. Nimevuta. Gesche amevuta. Tumeiweka kwenye friza. Bisibisi limepinda.

“Detlev, mume wangu,” Gesche akasema, “masikio yamejikunja. Kilichojikunja hakichomoki. Gawa kalibu vipande vitatu, na manyoya uyaondoe.”

Nikamwambia muda hautoshi. Nitaipeleka hivyo hivyo, na utepe mwekundu. Nitamfungulia bibi mbele ya watu. Patakuwa na msisimko.

Jumamosi, 9 Machi
Kwenye sherehe ya bibi msisimko ulikuwepo. Nilitumia nyundo.

Pigo la kwanza, wapi! La pili, kalibu ikapasuka, Knut wa marzipani akaruka vipande juu ya meza. Knut mwenyewe akadaka kichwa, akakimeza. Kwa ukatili mno, kwa maoni yangu. Bi Andresen akapiga yowe kwamba mbwa wake amekula plastiki. Ortwin, mbeba viazi maarufu, akasema hawezi kuondoka, keki yake iko kwenye oveni. Gesche akambeba Knut, akamshika bibi mkono, wakaenda kwa daktari wa wanyama.

Mimi nikabaki na nyundo.

Jumapili, 10 Machi
Knut mzima! Vipande vyote vya plastiki vimepatikana chini ya meza. Gesche anasema walikaa wakisubiri daktari, na Bi Andresen alilia kwenye bega lake, akisema anaogopa kubaki peke yake. Gesche akamwahidi kwamba atakuja kunywa naye kahawa kila wiki. Ndipo bibi akampa bustani. Sharti: mimi nisimkaribie Knut.

Gesche amelia jikoni kwa furaha. Nami machozi yalinilenga. Kweli, kalibu ile imefanya kazi yake!

Jumanne, 12 Machi
Kwaya ya kanisa inatafuta kiongozi mpya, nami naitaka nafasi hiyo. Mwenye uamuzi ni Mchungaji Thaden. Mtu mwema, ana ndevu za kujikunja mpaka kifuani. Sanamu ya kichwa chake, ya chokoleti, itamaliza mjadala. Gesche ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia ni ibada.

Kulainisha ndevu? Kamwe! Nimeshaanza kumpiga picha wakati wa sala, akiwa amefumba macho.