Mtani Wangu na Hisa za Mbata

Jumatatu, 21 Septemba 1931. Temeke.
Nina hisa tano za Shirika la Mbata! Sie wanachama ishirini tunakausha nazi, tunauza, tunagawana faida. Hisa moja shilingi sita. Bei ikifika shilingi kumi nauza zote, nanunua mabati. Mke wangu Somoe kasema wazi: vuli ikimkuta chini ya makuti haya yanayovuja, anarudi kwao Bunju. Hatanii.

Anayetania ni Hija. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, watani tangu enzi za babu zetu. Mwezi uliopita katangaza sokoni kwamba Marijani nimekufa, akanichangishia sanda! Leo kaja anacheka, eti Ulaya kuna msukosuko wa fedha, mbata itaanguka, niuze haraka. Nimemwambia Mnyamwezi ajuacho ni asali, nazi atuachie wenyewe. Nikaongeza hisa mbili, kumkomoa.

Alhamisi, 24 Septemba.
Lahaula! Kumbe kweli! Mnunuzi wa mbata yetu kapunguza bei nusu nzima. Wanachama wanauza hisa kama kuku waliomwona mwewe. Sijala tangu asubuhi, nina hofu. Somoe kauliza mabati yako wapi. Nimesema yako njiani.

Jumamosi, 26 Septemba.
Hisa shilingi moja na nusu! Hija kaja tena, uso mkavu kama kadhi. Kasema nivumilie, minazi haijui habari za Ulaya, bei itarudi. Aha! Juzi alisema kweli huku anacheka. Leo hacheki, basi anatania! Nikamwambia kama anaziamini sana, azinunue yeye. Kazinunua zote saba, shilingi mojamoja, huku akitikisa kichwa. Eti ananionea huruma. Mtani na huruma wapi na wapi! Nimekula sahani mbili za wali.

Ijumaa, 9 Oktoba.
Mungu wangu. Kaja mnunuzi mpya kutoka Unguja, anataka mbata yote. Hisa shilingi tisa! Nimekwenda kwa Hija, nikamwomba anirudishie zangu kwa ajili ya utani wetu. Kasema utani ni kuchukua kuku, si kurudisha hisa. Kisha akachukua jogoo wangu.

Jumamosi, 17 Oktoba.
Mvua imenyesha tangu alfajiri, ndani ya nyumba zaidi kuliko nje. Somoe kajitwisha mzigo wake, kaenda Bunju bila hata kuniaga. Imeniuma sana.

Jioni kapita Hija. Hisa zimefika shilingi kumi na mbili, kauza zake zote. Kanisihi nisithubutu kununua, maana yule wa Unguja anaondoka Jumatano, na bei itaanguka naye.

Safari hii nimemjua! Mtani akishasema kweli mara mbili, ya tatu lazima iwe utani. Nimeuza kitanda cha samadari, nimenunua hisa tatu. Somoe akirudi atakuta mabati. Kwa sasa nalala sakafuni, karibu na mlango, ambako hapavuji sana.