Herufi S Yasimamishwa Kazi

Inatangazwa kwa raia wote wa Juba, wenye vyeo na wasio na vyeo, wa Hai Malakal, wa Gudele na wa kule ambako barabara bado hazijapewa majina, kwamba kuanzia Jumatatu herufi S imesimamishwa kazi katika ofisi zote za Kurugenzi ya Usikivu wa Umma, hadi uchunguzi utakapokamilika. Mtumishi atakayesikika akiitamka atafukuzwa papo hapo, bila kujali cheo chake.

Msicheke. Serikalini kila jambo lina sababu, na miaka ile ya amani, mkataba umeshatiwa sahihi na kura ya kujitenga na Khartoum bado haijapigwa, sababu zilikuwa nyingi kuliko barabara. Sababu ya waraka huu ilikuwa masikioni mwa Mheshimiwa Robinson Lemi, Mkurugenzi Mkuu.

Mizinga ya vita ilimwachia Mheshimiwa masikio mawili mazuri ya kutazama tu. Kwa muda mrefu alisikia watu kama wanaongea nyuma ya ukuta, kwa hiyo akawa anaitikia kwa kichwa, na kwa kuitikia kwa kichwa akapanda cheo baada ya cheo hadi akakabidhiwa usikivu wa umma mzima. Ofisini kichwa kilitosha. Nyumbani hakikutosha. Mkewe Ketty, aliyekimbia naye hadi Uganda na kurudi naye, ni mtu wa sauti ya chini, na mzee aliikosa sauti hiyo mpaka ikamuuma.

"Sisi tumerudi kwetu," alimwambia siku moja, "lakini sauti yako naona ilibaki Arua."

Ketty akacheka. Mzee aliona meno tu.

Basi akaenda kwa Josline. Huyu Josline ni Mganda, amesomea mambo ya masikio Kampala, na duka lake ni kontena pale Hai Malakal, katikati ya muuza chapati na fundi wa jenereta. Akampima mzee, akamvisha mashine mbili ndogo za kusaidia kusikia, akazichomeka kwa waya kwenye kompyuta.

"Sasa mzee, sikiliza. Sauti ya mimi iko namna gani? Inachoma? Inavuma? Ama iko kama mtu anaongea ndani ya pipa?"

Ukweli ni kwamba ilikuwa yote matatu. Sauti ya Mheshimiwa mwenyewe ilimrudia kutoka ndani ya pipa. Karatasi aliyoigeuza Josline ilipiga kelele kama bati linaloburutwa. Na zile S! Kila S iliyotoka kinywani mwa yule mama iliingia sikioni kama sindano.

Lakini Mheshimiwa alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa mheshimiwa. Jeshini mkubwa akipita mbele ya gwaride kuuliza hali, hata kama nusu ya kikosi wana malaria na nusu nyingine wametoroka, jibu ni moja.

"Tamam!" akasema, kifua mbele.

"Tamam kabisa? Mashine haina akili, mzee. Haijui kama inaumiza. Mwenye sikio ndiye anasema, halafu mimi napunguza huku, naongeza kule, mpaka sauti inakuwa ya kawaida, safi. Mficha uchi hazai."

"Nimesema tamam. Kwani mashine haikutoka Ulaya?"

"Ilitoka."

"Basi."

Mkubwa akishasema tamam, nani atabishana naye? Josline akachomoa waya, akamwambia avae kila siku, na zikimsumbua arudi. Mheshimiwa akaapa moyoni kwamba harudi ng'o. Mtu mzima na cheo chake, aende kulialia kwenye kontena kwamba herufi inamuumiza?

Asubuhi yake katibu wake, Scovia, akaingia ofisini na faili kifuani. Katika kurugenzi ile karibu kila mtu alikuwa amekimbilia mahali, huyu Uganda, yule Kenya, kwa hiyo Kiarabu cha Juba kilikuwa cha kuagizia chai, Kiingereza cha kuandikia, na Kiswahili ndicho kilichofanya kazi.

"Asubuhi njema, afande. Sasa hivi sahihi zako zinasubiriwa sana."

Mheshimiwa akashika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo akili ya uongozi ilipofanya kazi. Mashine ni mpya, tena imetoka Ulaya. Mwenyewe ameshathibitisha mbele ya mtaalamu kwamba ni tamam. Sikio ni la Mkurugenzi Mkuu. Je, kosa limebaki kwa nani? Kwa raia, bila shaka. Raia wanatoa sauti ambazo hazijarekebishwa. Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Kurekebisha Sauti za Raia, ikanywa chai, ikajadili majogoo, jenereta na honi za boda, ikaona hao wote wana ndugu wakubwa serikalini. Herufi S haikuwa na ndugu. Ikasimamishwa.

Likazuka swali la kitaalamu kuhusu SH. Wajumbe wengine walidai huyo ni S yule yule aliyejificha nyuma ya H. Baada ya mabishano makali kamati ikaamua apite kwa dhamana ya H. Z alipewa onyo kwa kufanana.

Haki ya Mungu, watumishi walijitahidi. "Samahani" ikafa kifo cha kawaida na "malesh" ya Kiarabu ikachukua ofisi yake. Sala ya kufungua vikao ikawa fupi, maana hakuna aliyethubutu kung'oa herufi kwenye jina la Mwokozi. Wakaomba kwa "Bwana" tu, wakaketi. Na Mheshimiwa mwenyewe, lazima tumpe haki yake, alikuwa wa kwanza kuutii waraka. Kiongozi ni mfano.

"Afande, imu inalia," Scovia angesema mlangoni.

"Imu gani?"

"Ya erikali. Inalia aa hivi."

"Aa? Hailii?"

"Inalia, afande. Aa. Aa hivi!"

Mpaka waelewane, simu imekatika. Lakini faida moja ilijitokeza ambayo hata kamati haikuitarajia. Sitaki, siwezi, sijui, siendi: maneno yote ya mtu mnyonge kumkatalia mkubwa kwa adabu yana S mlangoni. Lipo "nakataa", ndiyo, lakini hilo lina jeuri, na mwenye watoto wa kulisha hamwambii bosi wake "nakataa". Dereva wake, Nuwa, alipotumwa kuni za nyumbani kwa mkubwa siku ya Jumapili, alikusanya ujasiri wote alionao.

"Iwezi, afande."

"Kama gari haiwezi, panda boda."

Nuwa akapanda boda. Mheshimiwa akaandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba upinzani umekwisha kabisa katika kurugenzi yake, na wizarani ripoti hiyo ilisomwa kwa furaha.

Nyumbani ndiko waraka ulikogonga mwamba. Ketty si mtumishi. Kila alipofungua mdomo, mzee alikunja uso na kufumba macho, na Ketty akaona.

"Robinson, nimekukosea nini? Zamani hukunisikia, nikavumilia. Siku hizi unanisikia, unakunja uso kama umelamba shubiri. Sauti yangu imekuchosha?"

"Tamam," akasema mzee, kwa mazoea.

Ketty akainuka. Akachukua kiti chake, akakipeleka upande wa pili wa ua, akaketi huko na kuchambua mchele kimya. Hakusema neno jioni ile wala kesho yake, na mzee, ambaye alinunua mashine zile kwa ajili ya sauti ile moja, akajikuta anasikia kila punje ya mchele inavyoanguka kwenye ungo isipokuwa mwenye ungo. Hapo alijisikia kulia, wala hakuna haja ya kumfichia.

Akaenda kwa Josline kwa miguu, kofia imeshushwa usoni.

"Josline," akasema. "Si tamam."

"Ee! Nilikuwa nangoja hiyo neno," Josline akasema, tayari ameshika waya. "Haya, sema yote. Nini inauma?"

Akasema yote. Pipa, bati, sindano. Josline hakumcheka. Akapanua kitundu kwenye kile kipande kinachokaa sikioni ili sauti yake ipate njia ya kutokea, na pipa likaondoka. Akagusa kompyuta, akapunguza sauti zile kali za juu, akauliza. Akapunguza tena, mzee akasema sasa zimekufa, akarudisha kidogo.

"Sasa sema: Siku ya Sabato nilisaga simsim."

"Siku ya Sabato nilisaga simsim," akasema Mheshimiwa, akalisema tena taratibu. Zilikuwa S kama alizozisikia utotoni, nyepesi, zinapita zake bila kumgusa mtu.

Nyumbani akavuta kiti mpaka upande wa pili wa ua. "Ketty, mashine ndiyo ilikuwa inaniumiza, si wewe. Nilisema uongo. Nisamehe." Ketty akamtazama sana, kisha akamwita mjinga wa mwisho, akacheka, na safari hii mzee alikisikia kicheko chote mpaka mwisho wake.

Wewe na mimi tungerudi ofisini na kuchana waraka. Ndiyo maana wewe na mimi si wakurugenzi. Scovia aliona uso wa bosi umekunjuka, akaingia polepole.

"Afande, naona maikio yamepona. Tuifute ile amri?"

Mheshimiwa akafikiri. Kufuta amri ni kukiri kwamba S alifungwa bila kosa, na kwamba kosa lilikuwa ndani ya sikio la serikali. Serikali hairudi nyuma. Ikirudi nyuma itagonga mtu.

"Uchunguzi unaendelea," akajibu.

Wiki hiyo akafika Mheshimiwa Akot, Katibu Mkuu wa Wizara, mtu aliyesomea Kenya na anayevaa koti hata jua likiwaje. Watumishi wakakusanywa ukumbini. Akot akaanza kwa pongezi.

"Waraka wako tumeusoma, mzee, na tumeupenda. Wizara inataka usimamiwe bila huruma. Atakayeteleza leo, hata awe nani, namfuta kazi mimi mwenyewe, hapa hapa." Mtu mmoja nyuma akakohoa, na Akot akaelewa. "Mimi si wa kurugenzi. S zangu nimekuja nazo kutoka wizarani, zina kibali."

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa Lemi alisikia kila kofi, safi kabisa.

"La pili," Akot akaendelea. "Wizara imeona huduma ziende karibu na raia. Na kwa kuwa umetuandikia kwamba hapa hakuna tena upinzani, hapa huna kazi iliyobaki. Utahamia Rejaf, kule kijijini kando ya mto, ukaanzishe kituo cha usikivu. Kuna tukul, kibanda cha udongo na nyasi, tutaiezeka upya. Gari na jenereta vitabaki hapa. Bi Scovia atakaimu kiti."

Zamani angesikia mvumo tu na kuitikia kwa kichwa. Sasa hakupoteza hata silabi. Gari. Jenereta. Kiti.

"Kanuni inakupa haki ya kupinga," Akot akasema. "Mkurugenzi anasema 'sikubali' mbele ya mashahidi, na jambo linarudi wizarani. Likirudi kule, tusidanganyane, halitoki tena. Asiposema, amekubali."

"Nakataa!" akaruka Mheshimiwa.

"'Nakataa' ni neno la sokoni, mzee. Kanuni inataka 'sikubali'."

Mheshimiwa akatazama ukutani, na ukutani palikuwa na waraka, na chini ya waraka palikuwa na sahihi yake yenye mikia mitatu. Atafukuzwa papo hapo, bila kujali cheo chake. Akiitamka S, hana kazi. Asipoitamka, hana kiti. Akawatazama watumishi wake, labda yupo wa kumtetea. Nuwa alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa anawaza kuni.

Mheshimiwa akavuta pumzi, akatamka neno la kisheria kama amri yake ilivyoruhusu litamkwe.

"Ikubali."

Akot akashtuka. "Unasemaje?"

"Ikubali! Ikubali, Mheshimiwa, ikubali!" Akapiga meza, jasho linamtoka.

Akot akavua miwani, macho yamelowa. "Jamani. Nimezunguka nchi hii, nimeona wakubwa waking'ang'ania viti kama kupe. Leo wa kwanza ananiomba mimi, kwa kupiga meza, niikubali hoja ya kumwondoa. Bi Scovia, ulisikia?"

"Nimeikia mwenyewe," Scovia akasema kwa utulivu. "Wazi kabia."

"Imepita."

Ijumaa Ketty akapanda pikapu ya kukodi mapema, ameshikilia ungo wake. Yeye Rejaf alikuwa anaipenda tangu zamani, kuna samaki. Mzee akapanda baada yake. Ndani ya ofisi kaimu mkurugenzi alikuwa ameketi kwenye kiti, na kazi yake ya kwanza, kabla hata ya kuagiza chai, ilikuwa kumwachilia S huru na kumrudishia stahili zake zote. Watumishi wakakimbilia getini, Nuwa mbele yao, wakapunga mikono.

"Safari salama, afande! Asante sana! Sisi sote tunasema asante! Usisumbuke kurudi!"

Pikapu ikaondoka taratibu, kwa hiyo mzee alipata nafasi ya kuzisikia zote, moja moja, za kawaida na safi, na hakuna hata moja iliyomchoma sikioni.