Nyuzi Nne na Mwalimu wa Hesabu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Mashuka mia na arobaini ya hoteli nimeyapiga pasi leo. Miaka kumi na sita katika kiwanda hiki cha kufulia, na bado shuka la mwisho wa siku nalichukia kana kwamba limenitukana. Saa kumi na moja jioni, mazoezi ya bendi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya gereji. Nikapiga besi kama kawaida yangu. Kwa utulivu, bila makuu. Shemeji akasimamisha wimbo katikati.

Shemeji ni kaka wa mke wangu na ndiye kiongozi wa bendi, kwa hiyo huwa ananionea mara mbili. Akaniuliza kama gitaa langu limechomekwa. Nikasema limechomekwa. Akasema basi afadhali nilichomoe, maana besi langu linasikika kama mtu anayepiga godoro kwa ndala.

Wakacheka wote. Mpiga drams alicheka mpaka akaangusha fimbo.

Akauliza nyuzi zangu ni za lini. Nikajibu si za zamani sana. (Nilipozifunga, mwanangu wa mwisho alikuwa hajaota meno. Sasa ananyoa ndevu.) Ndipo akatoa hukumu mbele ya watu. Jumamosi tunapiga kwenye sherehe ya kumuaga mkuu wa zimamoto anayestaafu. Kutakuwa na wapiga besi wawili, tutagawana nyimbo, halafu yeye ataamua nani abaki.

Wawili! Miaka kumi na tisa nimesimama pale kushoto, karibu na feni!

Huyo wa pili ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Miwani, kalamu mbili mfukoni, shati limechomekewa mpaka linaomba msaada. Kumbe alikuwa amekaa nyuma muda wote. Akaja kunipa mkono, akaniita kaka mkubwa.

Mnafiki.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango! Mpiga tarumbeta amenidokeza kwamba nyuzi kuukuu zikichemshwa hurudi ujana. Ya nini kununua mpya?

Nikaenda nyumbani wakati wa mapumziko ya mchana. Mke yuko kazini, mama mkwe amelala. Nikazifungua nyuzi zote nne, nikazitumbukiza kwenye sufuria kubwa na siki kidogo. Zikachemka. Maji yakawa na rangi ya chai iliyokolea. Nikaona aibu kidogo, lakini nikajifariji kwamba ule ni uchafu wa kazi.

Jirani akabisha hodi kuulizia ngazi. Dakika tano tu! Niliporudi jikoni, mama mkwe alikuwa ameamka. Macho yake si mazuri siku hizi. Alikuta chai jikoni, akaionja, akaona haina sukari, akatia vijiko sita sufuriani. Nilimkuta na kikombe mkononi, amekwisha kunywa nusu. Akasema tangu nimuoe binti yake, leo ndiyo mara ya kwanza nimepika kitu chenye ladha.

Nikamwondolea kikombe kwa heshima.

Nyuzi zenye sukari hazikauki. Nikazipeleka kazini, nikazilaza juu ya shuka, nikafunika taulo, nikazishindilia pasi ya mvuke. Kukatoka harufu nzuri sana. Msimamizi akaja akinusanusa, akauliza nani anakaanga karanga za sukari. Kisha akainua taulo. Shuka la hoteli lilikuwa na mistari minne ya kahawia, imenyooka vizuri.

Nimelifua kwa mkono hadi saa kumi na mbili. Nyuzi nimezirudisha kwenye gitaa. Zinanata.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka nikakuta sisimizi wamepanga mstari kwenye shingo ya besi, kutoka daraja, pale nyuzi zinapoanzia, hadi vigingi vya kuzikazia. Walionekana wana ratiba.

Haya. Nitanunua mpya.

Duka la vyombo vya muziki ni la mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Wateja humwita Mama Zeze. Mimi nilitaka nyuzi, yeye akataka kunipa darasa. Kuna nyuzi za msokoto, ambazo waya wake una mikwaruzo: sauti inang'aa, lakini vidole vitalia. Kuna nyuzi bapa, laini kama utepe: sauti nzito, ya upole. Kuna nene na nyembamba. Kisha akaanza kuniuliza besi langu ni refu au ni fupi.

Sikumsikia vizuri, kwa sababu mlango ulifunguliwa na nani akaingia? Mwalimu.

Akaniamkia. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua pakiti ya nyuzi za msokoto. Ya mwisho! Nikafikiri haraka. Nikamwambia, kwa sauti ya kaka mkubwa, kwamba mpiga besi wa kweli hutumia nyuzi bapa, hizo za kung'aa ni za watu wa kujionyesha. Nia yangu ilikuwa azame kabisa Jumamosi, sauti yake isivuke hata meza ya kwanza. Alipokuwa anatafakari, nikaichomoa pakiti mkononi mwake.

Hakubisha! Alisema tu kwamba labda niangalie kwanza urefu. Nikamjibu kwamba nilianza kupiga besi yeye akiwa bado anahesabu kwa vidole. Mama Zeze naye akafungua mdomo. Nikalipa, nikatoka.

Nimefika mbali kidogo, nasikia mbio nyuma yangu. Mwalimu, ananiita kaka mkubwa, kaka mkubwa, mkono umeinuliwa. Anataka kuninyang'anya! Nikajitosa kwenye duka la kinyozi. Ili nisishukiwe ikabidi ninyolewe. Sikuhitaji kunyolewa, nilinyolewa Jumapili.

Hata hivyo, ushindi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Mwalimu kafunga nyuzi bapa kama nilivyomshauri. Nikakaa kwenye kiti, nikakunja mikono, nikasubiri azame.

Hakuzama. Sauti ilitoka ya mviringo, nzito, tulivu, kama mlango wa mbao mzuri unaofungwa taratibu. Shemeji akafumba macho. Mimi hajawahi kunifumbia macho tangu siku nilipopeleka mahari. Wimbo ulipokwisha akasema hivi ndivyo besi linavyotakiwa kuwa. Mwalimu akainama, akasema, “Ushauri ni wa kaka mkubwa.” Wote wakanigeukia. Nikatabasamu mpaka taya likauma.

Zamu yangu ilipofika nikasema nyuzi zangu mpya bado zinapumzika, hazifungwi hovyo hovyo. Shemeji akauliza zimechoshwa na nini.

Wakati wa kuondoka Mwalimu akanifuata na mfuko wa karatasi, anataka tuzungumze kidogo. Nikamwambia sipokei zawadi kutoka kwa mshindani. Alibaki ameshika mfuko wake.

Vidole vinaniuma, mgongo unaniuma, na leo sikugusa hata uzi mmoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Niliomba ruhusa nitoke mapema. Sebuleni, gitaa mapajani. Kwanza nikazikata nyuzi za zamani kwa koleo, vipande vipande, nisije nikaingiwa na tamaa ya kuzirudia. Mtu anayesonga mbele haangalii nyuma!

Kisha nikafungua pakiti. Uzi wa kwanza ukapita kwenye daraja, ukapanda shingo, ukaelekea kwenye kigingi. Ukaishia njiani. Kilichobaki ni kama upana wa kiganja. Nikavuta. Nikauvuta tena huku nimekanyaga gitaa. Uzi wa pili, vilevile. Mke wangu aliporudi kutoka kazini akanikuta jasho linanitoka, akauliza napigana na nani. Akaokota pakiti sakafuni, akaisoma.

“Baba watoto, hapa wameandika ni za besi fupi.”

Nikamwambia wameandika wapi. Akanionyesha. Herufi kubwa, nyekundu, upande wa mbele.

Nikakimbia dukani. Limefungwa, Mama Zeze ameenda msibani, atarudi Jumatatu. Nikajaribu kuunga uzi kwa waya wa kuanikia nguo. Ukakatika, ukanicharaza shavuni. Mama mkwe akauliza kwa nini natembea na alama ya kofi.

Nikakaa kitandani. Besi bila nyuzi ni ubao tu, hata kukausha mashati haufai. Nilianza kupiga nikiwa kijana mwembamba, na kila Jumamosi kwa miaka hii yote nimekuwa mtu tofauti na yule wa mashuka. Mtu anacheza harusini, hajui kwa nini kiuno kinamtii: ni mimi. Nikamwambia mke labda wakati wangu umekwisha, nimwachie Mwalimu. Aliniwekea mkono begani, akauliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa mbili asubuhi, hodi. Mwalimu, na mfuko wake wa karatasi! Kumbe mke wangu aliomba namba ya Mwalimu kwa kaka yake, bila kusema ya nini, akampigia mwenyewe.

Ndani ya mfuko, pakiti ya nyuzi za msokoto. Ndefu. Mwalimu alizipata Mama Zeze alipofungua boksi jipya, dakika chache tu baada ya mimi kutoka. Alikuwa ameliona besi langu Jumatatu na kujua kwamba ni refu. Lake ndilo fupi. Ndiyo maana alinikimbilia Jumatano. Ndiyo maana akaja Alhamisi.

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia dari.

Alipima kila uzi kwa rula kabla ya kuukata, akaacha wa kutosha kuzungushwa mara tatu kwenye kigingi. Hakunicheka hata kidogo. Mama mkwe akamsifu kwamba ni kijana mwenye adabu, akaniangalia mimi.

Sherehe ilianza saa nane mchana. Nyimbo za mwanzo zikawa zangu. Nilipogusa uzi wa kwanza nusura nigeuke kuona nani anapiga. Sauti ilitoka safi, inang'aa, inasukuma! Vidole vililia kweli, lakini watu wa zimamoto waliinuka meza nzima nzima. Mkuu anayestaafu alicheza mpaka kofia ikaanguka, hakuiokota. Shemeji alinigeukia. Hakufumba macho, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Baadaye Mwalimu akapiga za polepole, wanandoa wazee wakacheza wamekumbatiana. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, lakini besi halikutetemeka.

Shemeji akaamua tubaki wote wawili: mimi nyimbo za mbio, Mwalimu za taratibu. Akaniuliza nimefanya nini hata besi likafufuka ghafla. Nikasema ni uzoefu.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu. Aliniangalia kwa muda mrefu.

Jumapili, 10 Agosti

Mke ameniambia nimpigie Mwalimu nimshukuru kama mtu mzima. Amesema maneno mawili tu yanatosha. Nimekubali. Ana haki kabisa, yule bwana ameniokoa.

Lakini kabla sijapiga, amepiga yeye. Amesema jana alitetemeka sana mbele za watu, hata hakuweza kuinua uso, akaomba nimpe siri yangu, mimi niliyezoea. Alisema tena kaka mkubwa. Safari hii nadhani anamaanisha.

Maneno mawili yalikuwa mdomoni tayari. Kisha nikawakumbuka wale wazee waliocheza wamekumbatiana. Nyimbo za taratibu ni tamu. Hazichoshi vidole. Na mpigaji wake anaonekana mtu mwenye hekima.

Nikamwambia dawa ya woga ni kuhesabu mapigo. Kwa sauti. Mdomo uguse kabisa kipaza sauti, tangu wimbo unaanza hadi unakwisha. Nikasikia kalamu inaandika. Akanishukuru mara tatu, akasema hakutarajia moyo mwema kiasi hiki.

Akauliza aanzie moja au sifuri.

Nikamwambia sifuri.