Waraka wa Kisanduku Kitupu

Ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi, hakuna bidhaa yoyote katika wilaya ya Girimulat itakayohesabiwa peke yake.

Tangazo lilitolewa na Pak Darmokusumo, Mkuu wa Idara ya Biashara na Ustawi wa Kidijitali, mbele ya maua ya plastiki, vipaza sauti viwili na mlima wa wali wa manjano ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka hotuba iishe. Hotuba ilichukua saa moja na robo. Kuhesabu kitu kimoja kimoja, alisema Pak Darmo, ni tabia ya wachuuzi. Serikali huhesabu kwa mkupuo.

Watu wote walipiga makofi, akiwemo mama mmoja, Bu Wilujeng, ambaye ndiye aliyekuwa akihesabu kimoja kimoja.

Kwa miaka minne Bu Wilujeng alikuwa karani wa duka la mtandaoni la wilaya. Duka lilikuwa na mafundi arobaini na sita, kila mmoja na bidhaa yake: nyungo za mianzi, vinu vya mawe, vizimba vya ndege. Fundi akiuza kitu sokoni, alimtumia ujumbe: "Bu, kimoja kimeondoka." Wilujeng alifungua duka kwenye simu, akapunguza namba, akarudi kwenye chai yake. Kazi yote dakika mbili. Katika miaka hiyo minne hakuna mnunuzi aliyewahi kuagiza kitu ambacho hakipo, na kwa sababu hiyo hakuna mtu idarani aliyejua kwamba kazi hiyo inafanyika.

Pak Darmo alipogundua, alisononeka.

"Dakika mbili, Bu? Bila kikao? Mkaguzi akiuliza mihtasari iko wapi, tutamwonyesha nini, chai yako?"

Ndipo ukaja utaratibu mpya. Mara moja kwa mwezi, orodha nzima ya duka ingepakuliwa katika faili moja la jedwali, mstari mmoja kwa kila bidhaa. Faili lingechapishwa kwenye karatasi ndefu, lipite meza nne kutafuta saini nne, lirudi, lichapwe upya kwenye kompyuta kutoka kwenye zile karatasi, halafu lipakiwe dukani kwa mpigo mmoja. Idara iliuita utaratibu huo Uharakishaji.

Faili la kwanza lilipofika mezani kwake, Pak Darmo alivaa miwani.

"Hivi vyeupe ni nini?"

"Visanduku vitupu, Pak. Bidhaa ambayo idadi yake haijabadilika, kisanduku chake tunakiacha wazi. Mfumo unaelewa maana yake: acha kama ilivyo."

"Acha kama ilivyo." Aliyatamka maneno hayo kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "Tangu lini serikali ikaacha mambo kama yalivyo, Bu?"

Wilujeng alikuwa na tarehe kadhaa kichwani; akaziacha kama zilivyo.

Siku mbili baadaye ulitoka Waraka Namba 17: katika mafaili ya idara, hakuna kisanduku kitakachoachwa kitupu. Kamati ya watu saba ilikaa siku tatu kuamua vijazwe nini. Walikula maandazi ya nyama na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, wakafikiri. Mjumbe mmoja mgeni alipendekeza mafundi wapigiwe simu waulizwe wana vitu vingapi. Alielezwa kwa upole kwamba huko ni kukusanya uvumi. Mpango wa wilaya uliahidi bidhaa elfu kumi na tatu na mia nane. Mafundi ni arobaini na sita. Ukigawanya, kila mmoja ana mia tatu kamili, bila baki. Mwenyekiti alisema hesabu isiyo na baki haiwezi kuwa ya uongo.

Siku ya kupakia, Pak Darmo alivaa batiki ya hariri na kuomba abonyeze mwenyewe.

"Pak," Wilujeng alinong'ona, "babu wa vizimba vya ndege, Mbah Jumangin, ana kimoja tu. Na hakijapakwa vanishi."

"Hiyo inaitwa motisha, Bu." Akabonyeza.

Kompyuta ikaandika: bidhaa 46 zimebadilishwa, hakuna kosa. Pak Darmo aliagiza maneno "hakuna kosa" yapigwe picha na kutiwa fremu. Jioni yake Bupati, bwana mkubwa wa wilaya nzima, alituma salamu za pongezi. Akiba ya Girimulat ilikuwa imepanda kuliko wilaya yoyote ya jirani, na hakuna aliyetoka jasho.

Siku ya nne, chama cha wafuga njiwa waimbao cha Surabaya kiliona dukani vizimba mia tatu vya kuchonga kwa mkono. Kilikuwa kinaandaa mashindano makubwa. Kikaagiza mia mbili na kumi na viwili.

Mbah Jumangin aliingia idarani Alhamisi iliyofuata, kofia ya pikipiki ikiwa bado kichwani. Alikuwa na miaka sitini na saba, na vizimba vyake vilijulikana kwa kutokuwa na msumari hata mmoja.

"Mwanangu, simu yangu imerogwa. Inasema kuna watu wanadai vizimba mia mbili na kumi na viwili."

"Haijarogwa, Mbah. Ni idara."

"Afadhali ingekuwa uchawi. Mchawi najua anapokaa." Alikaa kwenye kiti. "Kizimba kimoja wiki tatu. Nimepiga hesabu njia nzima. Nitamaliza nikiwa na miaka sabini na tisa. Hao ndege wenyewe watakuwa wamekufa."

Wilujeng hakucheka. Alizijua kanuni za duka kwa kuwa alizichapa yeye. Muuzaji asiyetuma mzigo ndani ya siku arobaini hufutwa dukani na kunyang'anywa cheti cha ufundi. Bila cheti hakuna ruhusa ya kukata mianzi katika msitu wa serikali, na bila mianzi Mbah Jumangin angekuwa mzee tu mwenye kisu kikali.

Lakini mzee hakuja kwa ajili ya cheti. Alimsogezea simu. "Soma hapo. Nimewaandikia kwamba ninacho kimoja. Soma walivyonijibu."

Walikuwa wamemjibu kwa neno moja: Tapeli.

"Miaka arobaini sijamdanganya mtu hata aina ya mwanzi," alisema Mbah, akiangalia sakafu. "Leo naitwa hivyo na watu nisiowajua hata sura."

Wilujeng alihisi uso ukimwaka kana kwamba yeye ndiye aliyemtukana. Akafungua duka kwenye simu yake, akagusa ile mia tatu ili aandike moja. Simu ikamjibu: Huna ruhusa ya kubadilisha bidhaa moja. Tumia faili.

Akapanda ngazi.

"Faili lilisema hakuna kosa," alisema Pak Darmo, akiionyesha fremu kwa kalamu.

"Faili halijui kitu, Pak. Linasema tu kwamba namba zimeingia."

"Huyo mzee amekagua uvunguni?"

"Uvunguni mwa nini?"

"Mwa kitanda, Bu. Watu wa kule milimani huficha vitu."

Timu ya wakaguzi watatu ilitumwa. Walikunywa kahawa ya Mbah, wakamaliza muhogo wake wa kukaanga, wakaandika taarifa yenye kurasa tisa. Kiini chake kilikuwa hiki: kizimba kimoja kimeonekana, mia mbili tisini na tisa havikuonekana kwa sababu ya mwanga hafifu.

Marekebisho yakasubiri faili la mwezi uliofuata. Lakini kufikia hapo zile pongezi za Bupati zilikuwa zimemfanya Pak Darmo awaze makubwa zaidi. Mafaili mawili katika idara moja, aliamua, ni mfarakano. Rejista ya mali za idara iunganishwe na orodha ya duka, liwe faili moja. Jambo hilo liliitwa Umoja wa Takwimu. Ombi la kizimba cha Mbah liliwekwa kando, maana kubadilisha mia tatu kuwa moja kungeshusha takwimu katikati ya mafanikio.

Wilujeng aliandika dokezo: kila mstari ulio katika faili hili utaonekana dukani, na utauzwa. Aliliandika mara tatu. Mara zote tatu lilirudi na wino wa kijani: Nimesoma. Endelea.

Basi akaendelea. Rejista ya mali ilianza na Mkuu wa Idara mwenyewe, kwa kuwa Pak Darmo hakukubali gari lake liandikwe juu ya jina lake. Mkuu wa Idara: 1. Gari la Mkuu wa Idara: 1. Viti, meza, viyoyozi. Mistari hiyo haikuwa na bei, na kisanduku kitupu ni kosa, hivyo kamati ilikwisha elekeza ijazwe bei ya wastani wa duka, ambayo ilikuwa sawa na ungo mmoja na nusu. Kwenye safu ya hali ya bidhaa, iliyokuwa tupu pia, kamati ilijaza maneno yale yale kutoka juu hadi chini: nzuri, haijatumika sana. Kwenye safu ya picha, mstari wa arobaini na saba, aliwekwa Pak Darmo mwenyewe, na kofia na nishani zake.

Wilujeng aliutazama mstari huo kwa muda mrefu. Angeweza kuufuta. Lakini hakuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja.

Pak Darmo alibonyeza saa nne asubuhi. Hakuna kosa. Kufikia saa sita mwenye mgahawa wa supu alikuwa amenunua viti vyote, na mfuga bata mmoja gari. Saa saba simu ya Wilujeng ililia.

"Mwanangu, nimepata dawa," alisema Mbah Jumangin. "Nilikuwa nimekosa mikono tu. Kuna bwana dukani anauzwa bei ya ungo na nusu. Nimeshalipa."

"Mbah, huyo ni Pak Darmo!"

"Picha nimeiona. Wanasema hajatumika sana. Alibaki mmoja, nikaogopa wenzangu wasije wakaniwahi."

Wilujeng akapanda ngazi tena. Pak Darmo alisikiliza, akaketi, akasimama.

"Futa!"

"Siwezi, Pak. Mpaka faili la mwezi ujao."

"Sema ni kosa!"

"Nitasema sasa hivi. Weka tu saini hapa kwamba faili lilikuwa na kosa." Alimpa kalamu. "Lakini likiwa na kosa mstari wa arobaini na saba, Pak, itabidi tukague na arobaini na sita ya juu yake."

Pak Darmo aliitazama kalamu kama inayofuka moshi. "Faili halina kosa," alisema kwa sauti ndogo, na badala ya kuandika akampigia Bupati.

Asubuhi ile ile Bupati alikuwa amemhakikishia gavana kwamba kila kilichoandikwa kwenye duka la Girimulat kipo, na hutumwa ndani ya siku tatu.

"Darmo," alisema Bupati, "wewe upo au haupo?"

"Nipo, Bapak."

"Basi kama upo, utatumwa."

Alitumwa Jumatano, kwa pikipiki ya mbeba mizigo, maana gari lilikwisha chukuliwa na yule mfuga bata. Mbeba mizigo alimpima uzito kwanza, akambandika karatasi mgongoni: Shika kwa uangalifu. Mbah Jumangin alimzunguka mara moja, akatia saini ya kupokea, akampa kisu na mwanzi.

"Pasua, Pak. Vipande viwe vyembamba kama tambi."

"Mwongozo uko wapi, Mbah?"

"Uko mkononi mwako."

Mzee hakumtesa. Alimlisha tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na kahawa, akamfunga kitambaa kila alipojikata. Kwa siku tatu Pak Darmo alitoa vijiti vinne, vitatu vimevunjika. Siku ya tatu katibu wa chama cha njiwa, mama mwenye sauti ya kengele, alipiga simu kudai vizimba vyake, na Mbah akampa Pak Darmo ile simu.

"Ongea naye. Wewe si ndiye idara?"

"Mama, kwa mujibu wa takwimu zetu..."

"Takwimu gani, tapeli mkubwa wewe! Ndege mia mbili na kumi na wawili niwaweke wapi, kwenye takwimu?"

Alikemewa dakika ishirini. Alijaribu kusema ni mambo ya utaratibu, ni kamati, ni mwanga hafifu. Alipokata simu alikuwa amelowa jasho. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo, angalau si huku anasikia. Aliviangalia vidole vyake vilivyofungwa vitambaa, kisha akaomba kalamu. Juu ya kipande cha mfuko wa saruji aliandika kwamba namba za faili zilikuwa za kubuni, kosa ni lake, na Bu Wilujeng arudishiwe ruhusa yake. Akatia saini.

Wilujeng alizisahihisha bidhaa zote arobaini na sita kwa saa moja na nusu na dakika mbili. Yule mama wa Surabaya alimpigia Mbah kumwomba radhi, akakichukua kile kizimba kimoja, akaagiza kingine bila kuuliza kitakuwa tayari lini. Pak Darmo alirudi ofisini. Viti vilikuwa mgahawani, kwa hiyo aliongoza idara akiwa amesimama, na watu walisema haijawahi kufanya kazi haraka vile.

Wiki moja baadaye, chini ya picha yenye kofia na nishani, yalitokea maoni ya mnunuzi: "Imefika salama. Picha ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Inakula sana. Nyota mbili."

Pak Darmo alipanda mlimani siku hiyo hiyo. Alimkuta Mbah Jumangin kibarazani, akikwangua mwanzi.

"Mbah, nakuomba. Bupati anasoma yale. Niwekee hata tatu."

Mzee alipuliza unga wa mwanzi kutoka kwenye kisu.

"Hata hiyo ya pili, Pak, niliiweka kwa kukuonea huruma."