Okidi ya Mama Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi
Mama Mkurugenzi amesafiri kikazi, wiki tatu. Okidi yake inaumwa: majani yamekuwa manjano, na kwenye makwapa ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba. Kabla ya kuondoka aliuliza nani anajua maua. Bwana Tai, mwenzangu wa masjala asiyevua tai hata kwenye joto la kuivisha yai, akafungua kinywa. Nikamuwahi. Nimekulia bustanini, nikasema. Mchicha wenyewe sijawahi kuumwagilia. Lakini cheo cha mkuu wa masjala kiko wazi.

Jumanne, 5 Machi
Okidi iko nyumbani. Uchunguzi umekamilika: ni vumbi. Nimelipangusa. Vumbi likatembea.

Jumatano, 6 Machi
Nimepuliza dawa ya mende, nusu kopo. Ikiwa inaua mende, vidudu hivi vitaiweza wapi?

Alhamisi, 7 Machi
Vimeiweza. Jani moja limeungua, vidudu buheri wa afya. Sisimizi nao wamepanga foleni kulamba utomvu unaonata chini ya majani. Mama mkwe, tunayekaa naye, akauliza nani kamwagia ua sumu. Nikasema labda upepo.

Akageuza jani, akanionyesha. "Mkwe wangu, hivi ni vidung'ata. Vinafyonza ua kama kupe anavyofyonza ng'ombe. Ukiona sisimizi wanapanda, jua chini ya jani kuna karamu."

Akachovya pamba kwenye spiriti, akavifuta kimoja kimoja, mpaka kwenye maungio ya majani. Akaosha majani kwa maji ya sabuni, akabadilisha vipande vya magome vinavyoshika mizizi chunguni. Akaonya kwamba mayai hubaki, hivyo tutarudia kila wiki, na okidi ikae mbali na maua mengine. Mimi nilishika kisahani cha spiriti. Mkono umekufa ganzi. Tumefanya kazi kubwa.

Alhamisi, 14 Machi
Mama mkwe kapata vidung'ata vitano tu. Kazini nimemweleza Bwana Tai kuhusu mbinu yangu ya spiriti. Akalegeza tai. Sijawahi kuona.

Jumatatu, 25 Machi
Ushindi. Majani yanang'aa, na kikonyo kipya kina vitumba viwili vya maua. Mama Mkurugenzi nusura alie. Akauliza nimefanyaje. Nikajibu: subira na elimu. Ofisi nzima ikapiga makofi. Bwana Tai alipiga mawili, tena ya kuchelewa.

Jumanne, 26 Machi
Cheo amepewa Bwana Tai. Mama Mkurugenzi amesema mafaili anaweza kuyaongoza yeyote, ila mkono kama wangu usifungiwe masjala. Mimi sasa ni mlezi wa maua ya jengo zima, ghorofa nne. Bwana Tai ana watu watatu chini yake. Mimi nina vyungu sitini, na hakuna kitakachonijibu jeuri.

Nimeanza kazi papo hapo. Ghorofa ya pili kuna okidi yenye vigamba vya kahawia shinani, na sisimizi wanaipanda. Mama mkwe aliposikia akaomba aje kuitazama. Nimemwambia apumzike, haya ni mambo ya wataalamu. Nimevipapasa mwenyewe: vigumu, havitembei. Basi si wadudu, ni alama za kuzaliwa. Okidi yenyewe ina upweke tu. Kesho naizungushia vyungu vyote hamsini na tisa, maua yafarijiane.