Mkizi Aliyekuwa Mfalme

Jumapili, 6 Aprili

Nimepata wazo! Tarehe 22 mkaguzi anakuja kuchagua mwalimu mmoja wa kuajiriwa: mimi Fathi, au Nagat wa darasa la jirani. Miaka minne nafundisha kama kibarua. Mama amechoka kuwaambia majirani kwamba kazi yangu iko njiani. Nagat ana nyimbo na picha za ukutani. Watoto wangu watamkausha mfalme kwa mikono yao, kama wazee wetu wa Misri walivyozikausha maiti za wafalme wao zisioze. Mfalme mwenyewe ni mkizi wa kilo moja.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumempasua mkizi, tumemtoa matumbo, tumemfukia kwenye chumvi ndani ya kopo la biskuti. Wawili walitapika. Wengi walitaka aitwe Ramsesi. Rawya, wa miaka saba, akasema hapana, aitwe Gidu, kama alivyomwita babu yake. Babu alifariki wakati wa baridi, na Rawya hakuruhusiwa kwenda makaburini. Aliuliza kama Gidu wetu ataoza. Nikamwahidi kwamba hataoza, na kwamba yeye ndiye atakayemfunga sanda. Nikajifanya chumvi imeniingia machoni. Kisha nikaufikiria uso wa Nagat, nikapata nafuu.

Jumatano, 16 Aprili

Nagat kachungulia darasani. Ati harufu inafika kwake, nilihamishe kopo kabla Ami Shazli, mlinzi wetu, hajalitupa. Anataka kuniibia mfalme! Nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa. Akacheka. “Fathi, ndugu yangu, samaki ni wako, lakini harufu ni yetu sote.”

Alhamisi, 17 Aprili

Kopo nimelileta nyumbani, nimelificha jikoni nyuma ya gunia la mchele. Mama sikumwambia. Siri ikijulikana na wawili si siri tena.

Jumatatu, 21 Aprili

Shamu Nasimu, sikukuu ya majira ya kuchipua! Mji mzima uko ukingoni mwa mto na mayai ya rangi, vitunguu na fesikhi, mkizi wetu wa sikukuu aliyevundikwa kwenye chumvi. Fesikhi ya mama mwaka huu ni laini ajabu. Nilikula vipande vitatu. Nikasema mkono uliomvundika samaki huyu ubarikiwe. Mama akanitazama kwa mapenzi. Kipande cha mkia nilimpelekea Nagat, aonje utamu kabla ya uchungu wa kesho.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi, nyuma ya gunia hapakuwa na kitu. Mama akashangaa: si ndilo kopo nililomletea kimyakimya kwa ajili ya sikukuu? Majirani wote ameshawaambia kwamba mwanawe ana moyo.

Nimemla mfalme. Na baraka nimejiombea mwenyewe.

Sikukata tamaa. Niliifunga ndara ya mama kwa bendeji. Mkaguzi akaja, Nagat nyuma yake. Rawya alikuwa amepaka rangi sanduku la viatu liwe jeneza, na ndani amepanga vipande vya sukari, maana babu yake alipenda chai tamu. Akanikumbusha kwamba sanda ni kazi yake. Akaifungua bendeji ili aifunge upya.

Ndara ya plastiki, namba 39.

Hakuna aliyecheka. Rawya akauliza Gidu yuko wapi. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nagat akanitazama, akalishika tumbo lake. Najua alikumbuka mkia. Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto. “Rawya, mwanangu, hata makaburi ya wafalme mlimani kwetu mengi yalikutwa matupu. Lakini majina yao yapo ukutani, tunayasoma mpaka leo. Na wewe mwandike wako.”

Rawya akaandika kwenye kifuniko: Abdulmuizi. Ni jina la babu yake. Darasa zima likalisoma kwa sauti. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta. Mimi nililia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nagat kaajiriwa. Mimi nimeongezewa muhula mmoja wa majaribio, kwa kuwa watoto walizijua hatua zote za kumkausha mfalme. Nagat alikuja kunipa pole. Unafiki mtupu!

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa moja tu: samaki. Septemba mfalme atakuwa njiwa. Nimeshamwomba Shangazi Insaf, mpishi wa harusi, aniwekee jikoni kwake. Njiwa wake wa kujazwa ngano wanasifiwa mji mzima, kwa hiyo hakuna atakayeshuku.

Sikumwambia ni wa nini.